Sola laini kwenye begi la kitenge: tazama mistari kwanza

Mdogo wangu ana cherehani Mbuyuni, Moshi. Mteja alimletea karatasi ya sola ya kikaboni, ile laini inayokunjika, inayozalisha umeme kwa tabaka jembamba la kemikali zenye kaboni, akataka begi linalochaji simu. Tulihangaika mpaka likakubali.

1. Piga hesabu. Jua kali la mchana huleta kama wati 1000 kwa mita ya mraba. Karatasi ya saizi ya A4 yenye ufanisi wa asilimia 5 itatoa kama wati 3. Zinatosha pawabenki.

2. Chagua kitambaa cha nyuma. Sola hizi nyingine hupitisha mwanga, maua ya kitenge yanaonekana kwa chini. Mimi nilitaka cheupe, kirudishe mwanga uliopenya. Mdogo wangu alisema litakuwa gunia la unga. Alishinda.

3. Panga mistari. Hapa ndipo Jumapili yetu ilipoishia. Inua karatasi kwenye mwanga uone mistari: kila mmoja ni seli ya volti isiyofika 1, na zimeungwa kwa kufuatana, kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, wote wamesimama. Testa ilionyesha volti zipo, chaji haiingii. Nikabadilisha waya. Nikalaumu mawingu ya Julai. Kumbe mkanda wa begi ulitupa kivuli juu ya mstari mmoja, urefu wake wote! Tukageuza karatasi ili kivuli kikatize mistari yote. Kila seli ikapoteza kidogo, umeme ukapita. Kwa hiyo kabla ya kukata kitenge vaa begi la zamani, simama juani, mwenzako atie chaki vivuli vinapoangukia. Rudia saa tatu asubuhi na saa tisa, maana cha saa sita ni kifupi, kitakudanganya. Na pima ampia, yaani umeme unaopita, huku kitu kinachochajiwa kimeunganishwa; volti tupu hazisemi kitu.

4. Shona. Sindano isiguse karatasi, mkasi usiikate: hewa na unyevu vikiingia, seli zinakufa polepole. Shona mfuko wa plastiki angavu, uichomeke humo.

5. Funga kidhibiti cha volti 5, kifaa kinachotuliza volti zisipande wala kushuka, kisha pawabenki. Usichomeke simu moja kwa moja, kila wingu litaikatiza.

Mteja sasa anataka mwavuli. Una pande nane, kila upande unatazama jua kivyake, kwa hiyo nitaweka karatasi nane ndogo zilizoungwa sambamba, yaani kila moja inapeleka umeme kwa njia yake, na kila moja na dayodi yake, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu.