Kubadilisha kompresa ya kiyoyozi cha nyumbani, na jinsi ya kusoma EER na SEER kabla ya kununua

Kompresa, pampu inayozungusha gesi ya kupoza, haifi bure. Kuna kitu kimeiua, na kitu hicho kikibaki ndani ya mfumo, kompresa mpya itafuata njia ileile, mara nyingi mapema zaidi. Ndiyo maana kufunga kompresa yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kupima, kusafisha na kukausha vyote vilivyoizunguka. Mwongozo huu unahusu kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Kuvuta gesi na kulehemu kunataka mafunzo, na nchi nyingi zinadai leseni. Hata kama hutashika tochi mwenyewe, hatua hizi zitakuonyesha kama fundi wako anaruka jambo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekufa

Kompresa nyingi zinazohukumiwa ni nzima. Zima breka, thibitisha kwa mita kwamba umeme haupo, kisha toa chaji ya kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji na kusaidia mota kuwaka) kabla ya kugusa nyaya. Kwenye mashine ya inverta (inayobadilisha mwendo wa kompresa) kapasita za bodi ya umeme hubaki na volti zaidi ya 300 za umeme wa moja kwa moja baada ya kuzima. Subiri angalau dakika 10, na bado upime.

Anza na kapasita. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi 35 na inasoma 27, umepata mwizi wako: kompresa inanguruma, inashindwa kuzunguka, inapata joto na kukatwa na kinga yake ya ndani. Kinga hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kurudi, kwa hiyo usipime kompresa ya moto na kusema waya wa ndani umekatika. Iache ipoe kabisa.

Baada ya hapo chomoa nyaya zote tatu na upime omu kati ya vichwa C (cha pamoja), R (cha mwendo) na S (cha kuwashia). C kwenda R ndiyo ndogo kuliko zote, C kwenda S ni kubwa kidogo, na R kwenda S lazima iwe jumla ya hizo mbili. Mfano: 2.1, 3.4 na 5.5. Jumla isipotimia, waya wa ndani una hitilafu. Kisha pima kila kichwa dhidi ya bomba la shaba lililokwanguliwa rangi. Omu ndogo hapo ni shoti kwenda kwenye mwili wa kompresa, na hukumu imeshatolewa. Usitumie megga (kipima insulesheni kwa volti kubwa) wakati mfumo uko kwenye vakyumu, yaani umenyonywa hewa, kwa sababu umeme huruka kirahisi ndani ya kompresa na kuchoma insulesheni iliyokuwa nzima.

Kompresa ya inverta haina C, R na S. Ina U, V na W, na vipimo vyake vitatu vinapaswa kulingana. Usiiunganishe kamwe moja kwa moja na umeme wa ukutani ili "kuijaribu". Vipimo vikiwa sawa na bado haizunguki, shuku bodi kwanza.

Hatua ya 2: Amua kama inafaa kubadilishwa

Hapa ndipo namba za ufanisi zinapoingia, na ndipo wengi wanapopotoshwa.

EER ni uwezo wa kupoza kwa BTU kwa saa, ukigawa kwa wati zinazoliwa. Mashine ya BTU 12,000 inayokula wati 1,200 ina EER ya 10. COP ni hesabu ileile lakini wati kwa wati. Zidisha COP kwa 3.412 upate EER. SEER inachukua msimu mzima, siku za joto kali na za joto la kadiri, kwa hiyo inaonyesha faida ya inverta inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka.

Tuseme kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatoa kazi sawa na saa 1,500 za uwezo kamili kwa mwaka. Hiyo ni BTU milioni 18. Kwa SEER ya 10 zitaliwa uniti 1,800 za umeme. Kwa SEER ya 18, uniti 1,000. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayolipa, kisha linganisha na gharama ya kompresa pamoja na ufundi. Hesabu hii ya dakika mbili ina thamani kuliko stika yoyote yenye nyota.

Lakini angalia kipimo kimetoka wapi. Marekani ilianza kutumia SEER2 tarehe 1 Januari 2023, ambapo mashine za mifereji ya hewa hupimwa kwa upinzani mkubwa zaidi wa hewa; iliyokuwa SEER 15 husoma takriban 14.3 kwa SEER2 bila kubadilika chochote. Ulaya nayo huandika SEER kwa wati kwa wati, na daraja la A+++ huanzia 8.5. Namba hiyo si mbaya kuliko 18 ya Marekani. Ni kipimo kingine, chenye hali ya hewa nyingine, na hata ukizidisha kwa 3.412 ulinganisho hautakuwa kamili.

Mtego mkubwa uko kwenye kompresa yenyewe. Karatasi yake nayo ina EER, lakini kwa kawaida imepimwa gesi ikichemka kwa nyuzi 7.2 na kuganda kuwa kimiminika kwa nyuzi 54.4, bila feni yoyote. EER ya kiyoyozi kizima hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35 na ndani 27, feni zote zikihesabiwa. Namba hizi mbili hazilinganishwi. Stika ya ufanisi ni ya mashine nzima: koili, feni, vali na kompresa kwa pamoja. Ukifunga kompresa nzuri kwenye koili ileile unarudisha ufanisi uliopotea. Hugeuzi SEER 10 kuwa 18.

Ushauri wetu: koili ya nje ikiwa mapezi yake yamemomonyoka kwa kutu, au mashine inatumia gesi ya R-22 na ina uvujaji usiopatikana, nunua mashine mpya. Koili zikiwa nzima na sababu ya kifo ikijulikana, badilisha.

Hatua ya 3: Chagua kompresa inayolingana

Namba ya modeli ileile ni bora. Ikikosekana, linganisha aina ya gesi, volti, hezi, fezi, uwezo katika masharti yaleyale ya kipimo, kipenyo cha mabomba, miguu, na kapasita inayotakiwa na kompresa mpya (si ile ya zamani). Hezi husahaulika sana: mota ya 60 ikipewa 50 huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17, na uwezo hushuka karibu kiasi hicho.

Mafuta ni suala la uhai. R-22 kwa kawaida huenda na mafuta ya madini. Gesi za R-410A na R-32 huenda na mafuta ya sintetiki, POE au PVE. Usichanganye.

Na usikubali kuuziwa "kubwa kidogo ili ipoze zaidi". Koili na kapilari (bomba jembamba linaloshusha presha ya gesi) zilipimwa kwa ile ya zamani. Kompresa kubwa hushusha presha ya kuvuta, koili ya ndani hufanya barafu, umeme huongezeka na kimiminika huanza kurudi kwenye kompresa.

Hatua ya 4: Vuta gesi na utoe ya zamani

Gesi huvutwa kwa mashine ya kukusanyia hadi kwenye mtungi maalumu, uliopimwa kwa mizani, bila kuzidi asilimia 80 ya ujazo wake. Kuachia hewani ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na R-410A ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi. R-32 ina 675, lakini inaweza kushika moto: fungua madirisha, weka tochi mbali hadi mfumo uwe mtupu na umepitishwa naitrojeni.

Kata mabomba kwa kikata bomba. Ukiyayeyusha kwa tochi, mafuta yaliyobaki hulipuka moto usoni.

Sasa pindua kompresa ya zamani na umwage mafuta kwenye chombo cheupe, ukiwa umevaa glavu. Haya mafuta ndiyo cheti cha kifo. Yakiwa maangavu, tatizo lilikuwa la kimakanika au la umeme bila kuungua. Yakiwa meusi na yenye harufu kali ya kuunguza pua, mota imeungua na asidi imesambaa kwenye mabomba yote. Vipande vya chuma vinasema kulikosekana mafuta, au kimiminika kilirudi kikayaosha. Yakiwa machache kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, yaliyobaki yako kwenye mabomba na koili, na kompresa mpya inaenda na mafuta yake kamili. Safisha mabomba kwanza. Mota ikiwa imeungua, badilisha pia kapilari na chujio lake, au vali ya kutanua gesi, na uongeze draya (chujio linalokausha na kusafisha gesi) ya kuondoa asidi kwenye bomba la kuvuta.

Hatua ya 5: Funga na ulehemu

Kompresa mpya huja na vizibo na presha kidogo ya naitrojeni. Ukikosa kusikia mlio wa hewa unapofungua, ihoji kabla ya kuifunga. Usifungue vizibo hadi kila kitu kiwe tayari, kwa sababu POE hunywa unyevu wa hewa upesi, na maji yaliyoingia humo hayatoki yote kwa vakyumu. Kompresa isikae wazi zaidi ya dakika 15. Draya mpya ni lazima kila mara.

Pitisha naitrojeni ndani ya bomba wakati wote wa kulehemu, lita 2 hivi kwa dakika, upepo unaousikia kidogo tu mkononi. Bila hiyo, shaba hutoa magamba meusi kwa ndani, nayo huishia kwenye kapilari. Shaba kwa shaba tumia rodi ya shaba na fosforasi yenye fedha asilimia 5 au 15. Lakini sogeza sumaku kwenye midomo ya kompresa kwanza: mingi ni chuma kilichopakwa shaba. Fosforasi hufanya kiungo cha chuma kuwa dhaifu, kikapasuka kwa mtetemo. Hapo tumia rodi ya fedha asilimia 45 na flaksi (dawa ya kusafisha kiungo wakati wa kulehemu). Funga kitambaa kibichi kwenye vali zilizo karibu.

Hatua ya 6: Presha, kisha vakyumu

Jaza naitrojeni kavu kwa awamu: megapaskali 0.5, kisha 1.5, kisha kiwango cha lebo. Mashine nyingi za R-410A na R-32 huandika karibu 4.15 upande wa presha kubwa. Lebo ikitaja kiwango kidogo kwa upande wa kuvuta, fuata hicho. Oksijeni isikaribie hata kidogo, kwani na mafuta hulipuka. Iache kwa saa nyingi, na ukumbuke kwamba kwenye 4.15 presha hubadilika takriban megapaskali 0.014 kwa kila nyuzi 1 ya joto la nje.

Vuta vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) au chini, ukisoma kwa geji ya mikroni. Geji za kawaida za manifoldi haziwezi kuona tofauti kati ya 500 na 5,000. Tenga pampu kwa dakika 10. Ikipanda kisha ikatulia chini ya 1,000, uko salama. Ikitulia juu ya hapo, bado kuna unyevu: vunja vakyumu kwa naitrojeni na urudie. Ikiendelea kupanda bila kutulia, kuna uvujaji. Usiwashe kompresa ikiwa kwenye vakyumu.

Hatua ya 7: Jaza na uwashe

Jaza kwa mizani, kwa gramu zilizo kwenye lebo, ukiongeza za mabomba ya ziada kama mtengenezaji alivyoagiza. R-410A hutoka mtungini ikiwa kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko. Inverta haijazwi kwa kutazama presha. Mwendo ukibadilika, presha nayo hubadilika.

Baada ya dakika 15 pima ampea kwa klampu na ulinganishe na lebo. Tofauti ya hewa inayoingia na kutoka kwenye kipande cha ndani iwe nyuzi 8 hadi 12 hivi. Bomba la kutolea, sentimita 15 kutoka kompresa, lisizidi nyuzi 105. Likizidi, tafuta upungufu wa gesi, koili chafu au feni dhaifu. Pima na volti wakati wa kuwaka, maana volti ndogo ni muuaji wa kawaida.

Kama mota iliungua, rudi baada ya siku 3. Pima asidi kwenye mafuta, pima tofauti ya presha kabla na baada ya draya ya kuvuta, na uitoe. Ikiachwa imeziba, inainyima kompresa gesi inayoipoza. Asidi ikiwa bado ipo, funga draya nyingine na urudie kipimo hadi isomeke safi.