Kuhamia Fizikia Ukiwa Umeshavuka Miaka 20: Utajuaje Kwamba Wakati Umefika

Nilimaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, na kombi ya HEG, yaani historia, uchumi na jiografia, nikapata kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha hapa Busia. Kila siku nilikuwa napeleka karatasi za malori kwenye mizani. Siku moja lori likakataliwa. Uzito wake wote haukufika tani 56 zinazoruhusiwa, ila ekseli moja ya nyuma ilikuwa imezidi. Dereva hakushusha hata gunia moja. Aliita vijana wakausogeza mzigo mbele, akarudi mizani, akapita. Nikabaki nimesimama na karatasi zangu mkononi. Mzigo ni uleule, lori ni lilelile, sasa ule uzito wa nyuma umekwenda wapi?

Usiku nikachora. Boriti ya mita 6 ina egemeo kila mwisho, na mzigo wa tani 12 umekaa mita 2 kutoka egemeo la nyuma. La mbele linabeba 12 × 2 ÷ 6, yaani tani 4, na la nyuma linabeba 8. Sogeza mzigo mita 1 mbele, zinakuwa 6 kwa 6. Ni momenti tu, yaani nguvu mara umbali wake kutoka egemeo, somo ambalo tulifundishwa tukiwa wadogo nikalikariri na kulisahau. Niliielewa nikiwa na miaka 21, chini ya taa ya sola, na usingizi haukuja.

Vijana wengi huniuliza: nihamie fizikia lini? Nawaambia wasihame siku ile hamu inapowajia. Ipe hamu miezi mitatu ya kazi ya usiku, huku kazi au kozi uliyo nayo ikiendelea. Mwezi wa kwanza rudia fizikia ya S.3 na S.4, maswali tupu, bila kusoma maelezo marefu. Mwezi wa pili ni wa kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko. Mimi nilikuwa nimefanya hisabati ndogo (Sub Maths), somo la nyongeza, kwa sababu ya uchumi, kwa hiyo sikuanza na sifuri. Kama hukuifanya, ongeza mwezi mmoja. Mwezi wa tatu tafuta mitihani ya zamani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ya A-level (S.5 na S.6), P510/1 kwa fizikia na P425/1 kwa hisabati, ukae nayo ukiwa umejifungia, na majibu yawe mbali.

Tena usijipime kwa alama unazopata. Angalia unafanya nini na swali lililokushinda.

Langu lilikuwa la kitu kinachoteleza kwenye mteremko wenye msuguano. Siku nne jibu halikukubali. Siku ya tano nimepanda boda, narudi nyumbani, tunashuka kilima, likanijia: mteremko ukilala kabisa, kitu hakina sababu ya kuteleza, kwa hiyo nguvu inayokivuta lazima iwe sifuri. Sini ya sifuri ni sifuri, kosini ya sifuri ni moja. Nilikuwa nimeandika kosini! Nilimwomba yule kijana asimame, nikaandika nyuma ya risiti. Hakuna aliyenituma kulifikiria swali lile barabarani. Ukiona maswali yanakufuata hivyo, mara moja, mara mbili, mara kumi, hiyo ndiyo dalili ninayoiamini. Ukiona miezi mitatu imepita na kila usiku ulikuwa unajilazimisha kufungua daftari, baki ulipo, na hakuna aibu yoyote.

Kuna dalili zinazodanganya. Kumchoka bosi ni moja. Video za mashimo meusi ni nyingine, maana zinapendeza na hazikuulizi hesabu hata moja. Kubwa zaidi hapa kwetu ni mshahara. Tangu 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na watu wakaanza kuwaambia watoto wao wahame kwa sababu hiyo. Pesa hiyo ni halali na mimi mwenyewe ninaitaka. Lakini haitakusaidia saa tano usiku mbele ya uga wa sumaku usiouelewa.

Daftari lako lina kazi nyingine pia. Nilipomwambia Mama nataka kurudi shule, aliacha kuanika mukene wake, dagaa wa ziwani, akaniangalia.

“Shule gani tena, mwanangu? Si ulimaliza?”

Nikampa madaftari matatu. Mama hajasoma fizikia, ila alifunua ukurasa mmoja mmoja.

“Haya yote umeyaandika ukitoka kazini?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi mwaka huu pesa ya kodi ya nyumba usinitumie. Weka.”

Niliweka hadi nikawa na karo ya mihula miwili, ndipo nikaaga kazini. Pungufu ya hapo nisingekushauri uondoke.

Njia yenyewe inategemea umri na vyeti. Ukiwa na diploma ya ufundi wa umeme, uliza kwanza kama chuo kitakupokea kwa hiyo. Ukiwa na miaka 25 na zaidi, kuna mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watu wazima, lakini ukishaingia kalkulasi inakusubiri mlangoni, kwa hiyo ile miezi mitatu haikwepeki. Chini ya umri huo, njia ni kurudia A-level. Mimi sikuchukua PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Nilichukua PEM, yaani fizikia, uchumi na hisabati, kwa kuwa uchumi nilikuwa nao tayari, na nguvu zote nikazielekeza kwa yale mawili mapya. Kumbuka chuo kinataka angalau prinsipo mbili, yaani kufaulu masomo makuu mawili ya A-level, za kikao kimoja cha mtihani, na masomo ya lazima kwa kozi huzidishwa mara 3: B ya fizikia ni pointi 5, inakuwa 15. Usajili wa UNEB hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo hesabu miezi yako mitatu ukirudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Kuhusu karo ya chuo, bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa 2014 hupendelea kozi za sayansi, kwa hiyo omba mapema.

Jambo la mwisho ni maabara, na hili lilinigharimu mwaka mzima. Karatasi ya tatu, P510/3, hufanywa kwa mikono. Shule ya kwanza niliyojiandikisha ilikuwa na ammita, vipimo vya mkondo wa umeme, mbili tu zinazofanya kazi, na sisi tulikuwa zaidi ya arobaini. Sikuuliza. Waya wa potenshomita, kifaa cha kupimia volti, niliugusa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, mikono ikitetemeka, nikatoka na D. D ni prinsipo, lakini ni pointi 3 tu, na kozi niliyoitaka ilihitaji zaidi. Ikabidi nirudie masomo yote matatu, yawe ya kikao kimoja. Safari ya pili, kabla ya kulipa hata shilingi moja, nilimwomba mwalimu anifungulie kabati, nikazihesabu ammita mwenyewe.