Kuzalisha vimeng'enya kwa kuvu: chunga joto na unyevu

Pumba, mabua, makapi ya miwa na maganda ya matunda huishia kuchomwa moto, ilhali ni malighafi nzuri ya kuzalishia vimeng'enya vya viwandani, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kuvu haina tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vikavunjavunja chakula palepale kilipo, ndipo inyonye. Vimeng'enya hivyo ndivyo viwanda vinavyovitafuta: amilesi ya kugeuza wanga kuwa sukari, pektinesi ya kung'arisha juisi, selulesi ya kulainisha nguo za pamba, fitesi ya kumwezesha kuku kupata fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka.

Si jambo jipya. Mwaka 1894 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kwa kuotesha kuvu iitwayo Aspergillus oryzae juu ya pumba za ngano. Hadi leo pumba za ngano ni chaguo langu la kwanza kwa anayeanza, maana zina wanga na protini za kutosha na hupitisha hewa. Maganda ya machungwa yanaifaa kuvu nyingine, Aspergillus niger, kwa pektinesi. Mabua yanaifaa Trichoderma reesei kwa selulesi, ila yaongezee mashudu kidogo, kwa kuwa yana nitrojeni haba.

Usiokote ukungu kwenye mahindi yaliyooza ukaufanya mbegu, yaani kuvu ya kuanzishia. Aspergillus flavus, inayotoa sumukuvu, inafanana mno na A. oryzae kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Chukua mbegu iliyothibitishwa kutoka maabara ya mikrobiolojia.

Saga malighafi iwe chenga ndogo, isiwe unga, kwani unga hushikana na kuzuia hewa. Unyevu uwe kati ya asilimia 50 na 65. Kamata konzi moja uibinye kwa nguvu: tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, panatosha; maji yakitiririka, umezidisha na bakteria watakutangulia. Ua vijidudu kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 20 au zaidi mzigo ukiwa mkubwa. Acha ipoe hadi nyuzi 30 hivi kabla ya kuchanganya mbegu, la sivyo utaipika.

Tandaza kwenye sinia safi kwa kina cha sentimita 2 hadi 4, funika kwa kitambaa kilichochemshwa, weka penye nyuzi 28 hadi 30. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kuvu inapokua hutoa joto lake yenyewe, na pumba hazipitishi joto upesi. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 29 huku katikati ya sinia pamefika zaidi ya 40, kuvu ikadhoofika bila wewe kujua. Kwa hiyo chomeka kipimajoto ndani ya pumba zenyewe, kisha geuza na upunguze kina mara joto linapopanda. Harufu ya uchachu mkali au ya amonia ina maana bakteria wameingia. Tupa sinia hilo.

Kwa Aspergillus, mavuno mara nyingi ni siku ya 3 hadi ya 5, kabla sinia halijafunikwa na vumbi la spora, yaani chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo. Selulesi ya Trichoderma huchukua muda zaidi. Vaa barakoa kila unapofunua, kwani spora huumiza mapafu. Loweka sehemu 1 ya pumba kwa sehemu 5 hadi 10 za maji safi kwa saa moja huku ukikoroga, chuja, kisha hifadhi maji hayo yenye vimeng'enya penye nyuzi 4.

Amilesi ipime hivi: changanya maji uliyochuja na uji mwepesi wa wanga uliopoa, kisha kila baada ya dakika chache chota kidogo udondoshee aidini. Rangi ya buluu inayoonyesha wanga ikififia haraka, kimeng'enya kina nguvu. Mnunuzi wa kiwandani atadai kipimo rasmi cha maabara, na kimeng'enya cha kuingia kwenye chakula au lishe ya mifugo kinahitaji idhini ya mamlaka. Mabaki ya pumba yapitishe tena kwenye mvuke ndipo uyapeleke kwenye mboji.