Boti ya tanga ya kutembelea ziwa, bodi iwe ya nini: mbao, faiba, chuma au alumini?

Ukitafuta mtandaoni bodi gani, yaani mwili wa boti, inafaa boti ya tanga ya kusafiria na kulala humohumo, karibu ushauri wote umeandikwa na watu wa baharini. Sasa wewe uko Ziwa Victoria, unataka kutoka Kirumba pale Mwanza uende visiwa vya Ukerewe, Kome mpaka Rubondo, ziwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji baridi yanageuza mambo mengi kwahiyo usimeze kila kitu.

Tuanze na mbao maana mafundi wapo. Baharini kuna mdudu anatoboa mbao chini ya maji, huku hayupo, bila chumvi haishi. Ila usifurahi haraka, chumvi hiyohiyo ndo inazuia ukungu unaoozesha mbao, kwahiyo huku maji ya mvua yakituama chini ya sakafu mbao inaoza kutokea ndani na nje unaona rangi inang'aa tu. Chukua mvule, achana na mbao laini za bei poa, acha matundu ya hewa, kausha ndani kila mara. Na mafundi wetu wa mitumbwi ni wazuri kweli ila mtumbwi hauna mkuku mzito (ule uti wa chini kabisa wa boti) wala mlingoti wenye nyaya zinazovuta bodi pande zote, mpe mchoro, asikadirie kwa macho.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa na resini, ni nyepesi, haiozi, lakini inaota vipele. Maji yanapenya jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, taratibu yanakutana na kemikali zilizobaki ndani panavimba, na maji baridi yanapenya kirahisi kuliko ya chumvi. Ukinunua used, kabla ya kulipa ipandishwe nchi kavu ikauke, alafu igonge yote na nyundo ndogo ya plastiki: mlio mkavu safi, mlio mzito uliokufa ujue tabaka zimeachana. Ukijenga mpya, tabaka za nje ziwe za resini ya vinilesta, inayozuia maji vizuri, na rangi nyeupe, jua la huku karibu na ikweta tena mita 1,134 juu ya usawa wa bahari sio la mchezo.

Alafu kuna mawe. Yale unayoyaona juu ya vilima vya Mwanza na chini ya maji yapo, faiba ikiligonga inapasuka, chuma kinabonyea tu unaendelea na safari. Kwenye maji baridi chuma kinaliwa na kutu polepole, mfano meli ya chuma MV Victoria ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na baada ya ukarabati ikarudi majini 2020. Fundi wa kuchomelea yupo kila kona. Kutu mbaya ni ya ndani, jasho la usiku na maji ya chini ya injini, huko ndo upake rangi ngumu ya epoksi kwa fujo kuliko nje. Tatizo ni uzito: bati la milimita 3 linapinda likichomelewa, ukiweka 4 au 5 kwenye boti fupi inakuwa nzito, upepo mdogo wa asubuhi hauisogezi. Kwahiyo mimi chini ya mita 10 nachukua mbao au faiba, kuanzia mita 11 chuma bila kujiuliza.

Alumini ina uzito kama theluthi ya chuma na juu ya maji haihitaji hata rangi, ni tamu kama una hela. Ila fundi wa madirisha ya alumini sio fundi wa bodi, hii inataka gesi ya agoni na alumini ya daraja la boti kama ile yenye namba 5083, na chini usipake kabisa rangi yenye shaba, itaila alumini. Bodi ya simenti na nondo naruka, kutu ya ndani huioni.

Ukienda na chuma au alumini, anodi, vile vipande vya chuma laini vinavyofungwa chini viliwe badala ya bodi, ziwe za magnesi. Dukani watakupa zinki, hiyo ya baharini, huku inajifunika utando inalala. Anodi ikikaa miezi haijaliwa hata kidogo ujue haifanyi kazi, ibadilishe.