Jumapili baada ya kuanguka: somo kwa anayerudia dhambi ileile

Bwana asifiwe, wapendwa. Mliniomba niandike nilichofundisha kwenye ushirika wa wanaume hapa Kondele. Mfano wangu ni kubeti, maana ndiko nilikotoka. Nilikuwa bodaboda, na Jumamosi moja niliweka karo ya mtoto, shilingi 6,800, kwenye mkeka wa mechi, yaani tiketi ya kubashiri. Jioni sikuwa na kitu. Kesho yake sikwenda kanisani. Niliona aibu kuinua mikono ileile. Nikakaa nje wiki tatu, na hizo ndizo wiki nilizobeti kuliko wakati wowote.

Hatua ya kwanza: rudi siku hiyohiyo. Usijipe adhabu ya kukaa mbali na Mungu eti mpaka uwe safi. Tazama Yuda na Petro. Wote wawili walijuta. Yuda hata alikiri kosa na kurudisha vipande 30 vya fedha (Mathayo 27), lakini alikwenda kwa makuhani, nao hawakuwa na huruma ya kumpa. Petro alilia kwa uchungu, kisha akabaki na wenzake. Katika Yohana 18 anamkana Bwana akiota moto wa makaa. Katika Yohana 21, ufukoni mwa ziwa, Yesu amewasha tena moto wa makaa, na samaki juu yake. Sisi wa Kisumu harufu hiyo tunaijua. Naamini ilimrudisha Petro kwenye usiku ule ule. Na palepale Bwana akawaita waje kula kwanza. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza kama anampenda. Chakula kilitangulia, swali likafuata.

Hatua ya pili: itaje dhambi kwa jina. "Nisamehe makosa yangu" ni sala ya kujificha. Sema: "Nimebeti karo ya mtoto, 6,800." Kisha mwambie mtu mmoja (Yakobo 5:16), asiyeshtuka wala kutangaza. Mimi nilimwendea mzee wa kanisa ambaye ni fundi wa baiskeli. Hakunihubiria. Aliniuliza tu huwa nabeti saa ngapi.

Swali lile ndilo hatua ya tatu: ijue saa yako. Yangu ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, abiria wamepungua, wenzangu stejini wameinamia simu. Nikafunga akaunti. Mke wangu akabadilisha namba ya siri ya pesa za simu. Nikapatana na mama muuza mitumba wa Kibuye niwe nambebea mizigo saa hiyohiyo. Paulo anasema Mungu hutoa mlango wa kutokea (1 Wakorintho 10:13). Wangu ulikuwa na marobota ya nguo.

Hatua ya nne: lipa. Hulipi ili usamehewe, hilo limekwisha (1 Yohana 1:9). Unalipa kwa sababu mtoto bado anadaiwa shuleni.

Maswali ya washiriki

*Ndugu wa Ahero: Mwalimu, nimetubu jambo hili hadi naona haya. Je, Mungu hajanichoka?*

Ndugu yangu, soma Luka 17:4. Yesu anatuagiza tumsamehe ndugu akitukosea mara saba kwa siku moja na kurudi mara saba akitubu. Je, atuagize sisi jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi? Lakini niambie: mara hizo zote, kuna binadamu hata mmoja anayejua? Kama hakuna, anzia hatua ya pili leo.

*Dada wa Nyalenda: Mume wangu ana deni la kubeti. Nimlipie?*

Dada, pole sana. Usimpe pesa mkononi. Ukiweza kusaidia, mlipe anayedai moja kwa moja, tena baada ya mumeo kukuonyesha madeni yote, si moja tu. Karo na unga usiviguse. Kumsamehe hakukulazimu kumwachia mfuko wa nyumba.

*Kijana wa Kakamega: Yangu si kubeti, ni picha za uchi usiku. Hatua ni zilezile?*

Ni zilezile. Saa yako unaijua tayari. Simu ilale sebuleni, nunua saa ya kengele ikuamshe. Na ukianguka usiku, usingoje Jumapili. Piga magoti kabla hujalala, kisha asubuhi mpigie yule mtu wako mmoja. Kama huna, niandikie faraghani.