Jinsi ya kusoma aya zinazoonekana kupingana katika Biblia, muumini na mwenye mashaka wakiwa meza moja

Mtu yeyote aliyewahi kusimama pembeni mwa mhadhara wa dini katika viwanja vya Dodoma anajua unavyokwenda. Mhadhiri anataja kitabu, sura na aya, msomaji wake anaisoma kwenye kipaza sauti, inafuata aya ya pili inayoonekana kuikana ile ya kwanza, na kabla upande ulioulizwa haujafungua ukurasa, umati umekwisha kushangilia. Mijadala hiyo ina nafasi yake, lakini haimfundishi mtu kusoma. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kukaa chini na kulisoma jambo lenyewe: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ambao mmoja wao ameacha kusali, jumuiya ndogondogo ya Chang'ombe yenye kijana wa maswali magumu, au mume na mke wa Kongwa ambao mmoja anaamini na mwingine anasita. Kipimo cha mafanikio ni kimoja: kila mmoja aweze kuueleza usomaji wa mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba hivyo ndivyo anavyoona.

Andaeni Biblia mbili, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952 na ile ya Habari Njema, ili maneno magumu ya moja yasomwe kwa msaada wa nyingine. Kuzipata si kazi, kwa kuwa Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake hapa hapa Dodoma mjini, na mwenye Biblia ya Chigogo nyumbani aje nayo. Wekeni sharti kwamba hakuna aya itakayojadiliwa kabla sura yake nzima haijasomwa kwa sauti. Kisha anzeni na Mithali 26:4-5, mahali ambapo aya moja inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na aya inayofuata mara moja inaamuru kumjibu hivyohivyo. Aliyezipanga aya hizo bega kwa bega hakupitiwa na usingizi. Alitaka msomaji atambue wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema. Muumini na mwenye mashaka wanakubaliana hapa bila shida, na makubaliano hayo ya mwanzo yana faida, kwa sababu yanawazoesha wote kuuliza kama mwandishi mwenyewe alijua anachokifanya.

Kabla ya kwenda mbali, kila mmoja aseme anaanzia wapi. Muumini kwa kawaida anaanza na imani kwamba nyuma ya waandishi wengi yupo Mungu mmoja, na kwa hiyo mafungu mawili yakigongana, anamshuku kwanza msomaji au mnakili. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, akimwandikia Jerome, mfasiri wa Biblia, takribani mwaka 405, aliliweka jambo hilo wazi: akikuta katika Maandiko kitu kinachoonekana kwenda kinyume na ukweli, atasema ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakuipata maana, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Mwenye mashaka anaanza na vitabu vyenyewe, vilivyoandikwa na watu mbalimbali katika karne mbalimbali, na kwake tofauti ni jambo la kutarajiwa, hivyo anachokishuku ni dai kwamba lazima vipatane. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ugomvi mwingi unaodhaniwa kuwa wa aya fulani ni ugomvi wa mahali pa kuanzia, na haumaliziki kwa kuongeza aya nyingine.

Waumini wenyewe pia hawako pamoja. Viongozi wa Kiinjilisti waliokutana Chicago mwaka 1978 walitamka kwamba Maandiko hayana kosa lolote katika maandishi yake ya asili, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba yanafundisha bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, kauli ambayo Wakatoliki wengi wanaiona inaacha nafasi kwa mambo madogo ya hesabu na tarehe. Kwa mkazi wa Dodoma yupo pia jirani Mwislamu, ambaye anaweza kuzitaja tofauti zilezile akiwa na hoja ya namna nyingine kabisa, yaani kwamba ufunuo wa awali ulibadilishwa mikononi mwa watu. Huyo ni muumini, na kumweka kapu moja na asiyeamini Mungu ni kutomsikiliza.

Sasa ingieni katika mifano, mkianza na tarakimu. 2 Wafalme 8:26 inasema Ahazia, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 22, na 2 Mambo ya Nyakati 22:2, kwa Kiebrania kilichopokewa, yaani maandishi ya Kiebrania yaliyorithiwa kwa Wayahudi, inasema miaka 42. Mtu mmoja afungue sura iliyotangulia katika Mambo ya Nyakati na kuifanya hesabu mbele ya wote: Yehoramu, baba yake, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Baba alikufa akiwa na miaka 40, na mwanawe, tena yule mdogo kuliko wote, akarithi kiti akiwa na miaka 42. Muumini atasema kwamba mnakili aliteleza, na anao ushahidi, kwa kuwa baadhi ya nakala za kale za Kigiriki na tafsiri ya Kisiria zina 22 mahali hapo. Wala kuteleza kwa wanakili si kisingizio kilichobuniwa ili kujiokoa, maana hati zilizoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 zina nakala ya Samweli inayompa Goliathi kimo cha dhiraa nne na shubiri, wakati Kiebrania kilichopokewa kinasema dhiraa sita na shubiri. Mwenye mashaka anakubali yote hayo, kisha anauliza swali ambalo muumini hapaswi kulikimbia: ikiwa maandishi ya asili hayapo mikononi mwa mtu yeyote, dai kwamba hayakuwa na kosa litapimwa kwa nini? Jibu la uaminifu ni kwamba linashikwa kwa imani, kutokana na kile mtu anachoamini kuhusu Mungu mwenyewe, na ni afadhali lisemwe hivyo waziwazi.

Mfano wa akida, yaani mkuu wa askari, wa Kapernaumu ni mwepesi zaidi na watu wetu wanauelewa upesi. Katika Mathayo 8 akida anamjia Yesu mwenyewe. Katika Luka 7 anatuma wazee wa Wayahudi, kisha rafiki zake, na kwa vinywa vyao anasema kwamba hakujiona anastahili kuja. Muumini wa Dodoma hahitaji kitabu cha kitaalamu kulieleza hili. Mshenga akifika na barua ya posa, nyumba nzima inasema fulani amekuja kuposa, na hakuna anayeona uongo hapo ingawa fulani yuko kwao. Mathayo, ambaye mara nyingi hufupisha visa, amemtaja mwenye ujumbe na kuwaacha waliotumwa. Mwenye mashaka ataona kwamba maelezo hayo yanafaa kwa sehemu kubwa, ila atabaki na mstari wa 13 wa Mathayo, ambapo Yesu anamwambia akida aende zake, kana kwamba amesimama mbele yake. Uzito wa mstari huo kila mmoja aupime. Mimi naona mshenga anatosha.

Saa ya kusulubiwa ni ngumu kuliko hayo. Marko 15:25 inasema ilikuwa saa tatu walipomsulubisha, na Yohana 19:14 inasema yapata saa sita Pilato alikuwa bado ameketi katika hukumu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu saa zetu huhesabiwa tangu asubuhi kama zilivyohesabiwa Yerusalemu, na saa tatu ya Marko ni saa tatu ileile ya kwenda sokoni Majengo. Baadhi ya waumini husema kwamba Yohana alihesabu tangu usiku wa manane, hivyo saa sita yake ni saa yetu ya kumi na mbili alfajiri. Msikubali wala kukataa haraka. Fungueni Yohana mahali pengine. Katika 11:9 Yesu anauliza kama saa za mchana si kumi na mbili, na katika 4:6 anaketi kisimani, amechoka kwa safari, yapata saa sita, na mchana wa jua kali unaonekana kufaa zaidi hapo. Maelezo ya saa za usiku wa manane yanadhoofika. Waumini wengine hutegemea neno “yapata” na kukumbusha kwamba watu wasio na saa mkononi waliigawa siku kwa vipande vikubwa.

Hata hivyo jambo lenye utajiri zaidi limo katika mstari uleule wa Yohana, unaosema kwamba ilikuwa Maandalio ya Pasaka. Katika Marko chakula cha mwisho ni chakula cha Pasaka. Katika Yohana 18:28, asubuhi Yesu alipopelekwa kwa Pilato, Wayahudi walikuwa hawajaila bado. Yohana, aliyemwita Yesu Mwana-kondoo wa Mungu tangu sura ya kwanza, anamwonyesha akifa wakati wa kuchinjwa kwa wanakondoo wa Pasaka. Wapo wataalamu waumini na wataalamu wasioamini wanaoiona picha hiyo kwa namna ileile. Wanaachana pale tu wanapoulizwa maana yake: mmoja anasema Yohana ameonyesha ukweli wa kina wa kifo hicho, mwingine anasema amelisogeza tukio ili lihubiri. Kikundi kikifika hapa, kimefika mbali.

Kifo cha Yuda kitumieni kujifunza kupima maelezo ya kupatanisha. Mathayo 27 inasema alizitupa fedha hekaluni akajinyonga, makuhani wakanunua konde, likaitwa konde la damu kwa kuwa lilinunuliwa kwa thamani ya damu. Matendo 1:18-19 inasema yeye mwenyewe alinunua konde kwa ujira wa uovu, akaanguka, akapasuka. Maelezo ya zamani yanaunganisha: alijinyonga, baadaye mwili ukaanguka ukapasuka, na makuhani walinunua kwa fedha yake, hivyo ununuzi ukahesabiwa kuwa wake. Yaandikeni yote kwa mfululizo katika daftari, kisha ulizaneni: je, kisa hiki kilichoungwa kimo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili? Hakimo. Muumini ana haki ya kusema kwamba mambo mawili yanayowezekana pamoja si mgongano, na mwenye mashaka ana haki ya kusema kwamba kuwezekana ni kitu kidogo kuliko kuwa na dalili. Wote wawili wanapaswa kukubali kwamba kisa cha tatu kikitumiwa badala ya viwili vya awali, Mathayo na Luka, mwandishi wa Matendo, wananyamazishwa wote.

Sensa ya Daudi msiitende kama tofauti ya hesabu peke yake, ingawa hesabu nazo zinatofautiana: watu wa Israeli ni 800,000 katika 2 Samweli 24 na 1,100,000 katika 1 Mambo ya Nyakati 21. Katika Samweli aliyemtia Daudi nia ya kuhesabu ni BWANA kwa hasira yake. Katika Mambo ya Nyakati ni Shetani. Muumini ataelekeza kwenye Ayubu sura ya kwanza, ambako Shetani hutenda kwa ruhusa. Mwenye mashaka ataonyesha kwamba Mambo ya Nyakati kinamalizika kwa amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, maana yake kiliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, wakati ambapo watu walisita kumtaja Mungu kuwa chanzo cha kishawishi. Wapo waumini wengi wanaolikubali hilo na kuliita ufunuo unaokua.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Kijana mbele ya mkubwa asianze na “Biblia yenu inajipinga.” Aseme: “Shikamoo Mchungaji. Nina swali, na siulizi kwa ubishi. Naomba kuona wewe unalisomaje fungu hili.” Mchungaji naye asijibu kwamba ni Shetani anayemsumbua, kwa kuwa kijana aliyejibiwa hivyo mara moja hatauliza tena, atanyamaza na kuondoka. Kusema “Mwanangu, hili bado sijalipatia jibu” hakumpunguzii mkubwa heshima.

Asubuhi ya ufufuo iacheni mwisho, na itengeeni kikao chake peke yake, maana hapo ndipo roho ya imani ya muumini ilipo. Gawaneni Injili nne. Kila mmoja asome yake tu na kuandika ni wanawake gani walikwenda kaburini, walimwona nani, waliambiwa nini. Mtaona kijana mmoja katika Marko na watu wawili katika Luka, na Mariamu Magdalene anayetajwa peke yake katika Yohana ingawa katika 20:2 anasema “hatujui”, kana kwamba hakuwa peke yake. Muumini atasema tofauti hizo zinaonyesha mashahidi ambao hawakupanga maneno, na kwa mambo hayo hoja yake ina nguvu. Kisha linganisheni mahali: katika Marko na Mathayo wanafunzi wanaelekezwa Galilaya, na katika Luka 24:49 wanaambiwa wakae mjini Yerusalemu hata watakapovikwa uwezo. Muumini atajibu kwamba Luka amebana siku nyingi katika sura moja, na kwamba Matendo 1:3, kitabu cha mwandishi huyohuyo, inataja siku 40. Hapo mgeukieni aliyepewa Luka, mwulizeni kama kwa karatasi yake peke yake angejua kwamba kulikuwa na safari ya Galilaya, na mpeni nafasi ya kutosha kujibu kabla mwenye Mathayo hajafungua kinywa.