Namna ya Kupanga Miadi Bila Kupishana kwa Saa Sita

Shangazi yangu anayeishi Unguja alimwalika mtoto wa baba yangu mdogo, kijana aliyezaliwa na kukulia London, aje kula chakula cha mchana. Ujumbe aliomtumia ulikuwa mfupi: "Mwanangu, kesho njoo tule pamoja, saa 7." Siku hiyo sala ya adhuhuri ilipokwisha pilau ilipakuliwa, kachumbari ikakatwa, sinia likafunikwa kawa, na watu wakakaa kumngoja mgeni hadi alasiri ikaadhiniwa. Mwishowe wakala bila yeye. Jua lilipokwisha kuzama ndipo hodi iliposikika mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa hivyo? Kuna usalama?"

"Sijachelewa, shangazi. Si uliniambia saa saba?"

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

Kijana akaitazama simu yake. "Saa saba kamili."

"Hii ni saa moja, baba."

Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka alipoelewa, na pilau ikapashwa moto. Kwa shangazi hapakuharibika kitu. Basi la mikoani, ndege au daktari hawangoji hivyo, na ndiyo maana naona inafaa kueleza kwa utaratibu namna ya kupanga miadi ili pande zote mbili zifike kwa wakati mmoja. Maelezo haya yanamfaa mgeni anayejifunza lugha na ndugu zetu waliokulia ng'ambo, lakini yanatufaa hata sisi tunaosema saa za Kiswahili kutwa nzima huku simu zetu zikionyesha saa za kizungu.

Hesabu mbili katika saa moja

Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na saa za usiku tangu linapozama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia tangu kukuche, na saa kumi na mbili jioni ni ya mwisho kabla ya giza kuingia. Hesabu hii inawezekana kwa sababu tunaishi karibu na ikweta: Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote haupishani hata kwa saa moja, ilhali London mchana wa Desemba haufiki muda wa saa 8 na ule wa Juni huvuka saa 16. Wala si Waswahili peke yao wenye hesabu hii, kwa kuwa wasemaji wa Kiganda, Kinyarwanda na Kiamhari nao huzitaja saa zao vivyo hivyo.

Kugeuza ni rahisi ukiwa na saa ya mshale. Itazame akrabu fupi, kisha usome namba iliyo upande wa pili, pale ambapo mkia wake ungefika kama ungerefushwa. Akrabu ikiwa kwenye 9, upande wa pili ni 3, nayo ni saa tatu. Dakika hazibadiliki kamwe. Kwenye simu yenye hesabu ya saa 24, toa 6. Jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena; likiwa 0, ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 19:00, ikitolewa 6 kisha 12, ni saa moja usiku. Baada ya usiku wa manane, kuanzia 00:00 hadi 05:59, unaongeza 6 badala ya kutoa: 01:15 ni saa saba na robo usiku, na 04:45 ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri.

Sikiliza neno linalofuata namba

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, maana wengi huishika namba na kuliacha neno linaloifuata, na neno hilo ndilo linalofichua kosa kabla halijatokea. Asubuhi ya Kiswahili huanza saa kumi na mbili na kuishia saa tano. Mchana unakwenda saa sita hadi saa tisa, jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili, usiku saa moja hadi kama saa tisa, na alfajiri ni saa kumi na saa kumi na moja. Mipaka hulegea kidogo kutoka mtu hadi mtu, kwani wako wanaosema saa kumi alasiri na wako wanaosema saa kumi jioni, lakini hakuna Mswahili anayesema saa nane asubuhi. Ukilisikia neno hilo, fahamu kwamba msemaji ameitazama saa yenye 8 na kuitafsiri namba ilivyo, naye anakusudia saa mbili asubuhi. Vivyo hivyo saa mbili mchana, saa tatu mchana, saa nne jioni na saa tano jioni: hazipo, na kutokuwapo kwake ndiyo dalili yenyewe. Uliza papo hapo.

Hatari iko pale ambapo tafsiri mbaya inatoa wakati ambao upo kweli. Mtu anayetaka kusema 11:00 asubuhi akatafsiri namba atasema saa kumi na moja asubuhi, na hiyo ipo, ni wakati wa majogoo. Nimemwona dereva wa bodaboda mjini Arusha aliyeambiwa na mgeni amfuate nyumba ya wageni saa kumi na moja asubuhi. Alifika kukiwa bado giza, amevaa koti zito lililofungwa hadi kidevuni, akapiga honi mara mbili kwa adabu, mlinzi akamfungulia, na mgeni akaamshwa kwenda mahali ambapo pangefunguliwa muda mrefu baadaye. Dereva hakukosea hata kidogo, na ninampongeza kwa kutimiza ahadi katika baridi ile. Alikuwa amesikia wakati unaojulikana, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza.

Usiku ndio mbaya kupita vyote. Karibu kila namba inayotafsiriwa vibaya usiku huangukia kwenye wakati halali. Anayekusudia 20:00 akasema saa nane usiku ametaja saa ya watu kulala fofofo. Anayekusudia 21:00 akasema saa tisa usiku amemwita mwenzake karibu na daku. Na kinyume chake, mgeni akiambiwa saa tatu usiku huenda akadhani anaamriwa kuamka 03:00. Kwa miadi yoyote baada ya magharibi, basi, usitegemee neno usiku peke yake. Ongeza jambo linalotokea wakati huo: "saa mbili usiku, baada ya isha", "saa tatu usiku, tukishakula", au "saa tisa usiku, kabla ya alfajiri". Wazee wa pwani walipanga shughuli zao kwa sala tano, na kadi nyingi za ndoa hadi leo huandikwa "baada ya sala ya alasiri" bila kutaja namba yoyote, na sijapata kusikia mtu aliyeikosa ndoa kwa sababu ya maneno hayo.

Namna ya kuandika na kuuliza

Katika ujumbe wa maandishi, andika namba, neno la wakati, kisha saa ya kizungu kwenye mabano: "Tuonane Jumamosi saa 4:00 asubuhi (10:00)." Mabano hayo hayamchukui mtu sekunde tano. Kama shangazi angeandika "saa 7 mchana (13:00)", kijana angekuta pilau ya moto. Kwenye simu, mwombe mwenzako arudie kwa njia nyingine, si kwa namba ileile. Kurudia "saa saba?" na kujibiwa "ndiyo, saa saba" hakuthibitishi kitu, kwa kuwa kila mmoja anaendelea kuisikia saba yake. Uliza, "Kabla ya adhuhuri au baada yake?" au "Jua litakuwa bado lipo?" Kwa mtu mzima, heshima haikuzuii kuhakikisha: "Shikamoo mzee, naomba unisaidie, saa tatu hiyo ni ya asubuhi watoto wakiwa shuleni?" Sijamwona mzee aliyekasirika kwa swali la namna hiyo.

Baina ya Wakenya na Watanzania kuna mshangao mwingine mdogo. Mkenya atasema "tupatane saa nane" akimaanisha tuonane, na Mtanzania anayezoea kupatana kwa maana ya kusuluhishana, au kuafikiana bei, hujiuliza waligombana lini. Pia wengi jijini Nairobi huzungumza Kiswahili na kuitaja saa kwa Kiingereza katikati ya sentensi. Hilo halina kosa ilimradi namba ibaki katika lugha moja na hesabu yake. Namba ikibadilishwa lugha bila kubadilishwa hesabu, ndipo watu wawili wanapokosana njiani.

Tiketi, na tarehe inayogeuka usiku

Mabasi mengi ya mikoani nchini Tanzania huondoka mapema, na tiketi iliyoandikwa kwa mkono "12:00" kwa kawaida inamaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Msafiri anayesoma saa za kizungu hufika stendi adhuhuri na kukuta basi limekwisha kupita Morogoro. Mwulize mkatishaji tiketi maneno mawili tu: "Asubuhi au mchana?" Kisha uandike jibu lake juu ya tiketi kwa kalamu yako mwenyewe.

Ndege hutumia saa 24 na saa za mji husika, kwa hiyo namba yake haina utata. Utata uko kwenye tarehe. Tiketi ya Ijumaa 00:30 inakutaka uwe uwanjani Alhamisi usiku, na anayefunga mizigo Ijumaa baada ya chakula cha jioni atakuwa amechelewa karibu siku nzima. Kiswahili kina usemi mzuri wa kuzuia jambo hili, nao ni "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia Ijumaa ni ule wa baada ya Alhamisi kuchwa. Utumie kila mara. Hasa utumie unapozungumza na watu wa pwani na visiwani, kwa kuwa katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, na mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa anakusudia usiku ambao wa bara anauita Alhamisi usiku. Wanaofunga Ramadhani wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa, kwani tarawehe ya kwanza husaliwa usiku ule mwezi unapoandama, na saumu ya kwanza hufuata kukicha.

Mipaka na ndugu walio mbali

Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa ileile. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, Kabanga kuingia Burundi au Tunduma kuingia Zambia, unairudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na ndivyo ilivyo Goma, Bukavu na Lubumbashi. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na wiki hizo mbili za mabadiliko ndizo ambazo simu za familia huita bila kupokelewa. Ukiahidiana na ndugu wa Muscat, taja mji pamoja na saa: "saa tatu usiku ya Unguja, ambayo kwenu ni saa nne." Kusema "saa yangu" au "saa yako" kunachanganya, kwa kuwa anayesikiliza huigeuza.

Mwisho ni kengele ya kuamkia. Mtu anayekusudia kuamka saa kumi na moja alfajiri, akiwa na usingizi, huandika 11:00 kwenye simu badala ya 05:00. Simu nyingi huonyesha muda uliobaki mara unapohifadhi. Usome muda huo kabla ya kuzima taa. Ukilala saa nne usiku na simu ikakuambia zimebaki saa 7, lala. Ikikuambia zimebaki saa 13, rekebisha.